Marahaba, Sikitu

Mchapishaji wa Msimbazi hakuwahi kumwita mwandishi kwa jina lake. Tangu mambo yawe ruksa na vijitabu vyake vya mapenzi vijae vibarazani Kariakoo, vijana walimpelekea hadithi zao, naye alizipokea kwa vidole baridi kama vya mwosha maiti, akaukata kwa wembe ukurasa wenye jina, taratibu, kisha akautandika chini ya kikombe chake cha kahawa. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayembembeleza mgonjwa alale. Mzee alimwita kila kijana kwa jina la mhusika wa hadithi yake, nao wakacheka, wakidhani ni utani wa mzee.

Siku moja Fortunata, mmoja wa vijana hao, alikuja amevaa uso wa mbuzi, hana haya wala woga.

“Shikamoo mzee. Kitabu nimeandika mimi, jaladani kuna jina lako. Nataka jina langu na haki yangu.”

Mzee hakuinua macho. Wembe ulikuwa kwenye hadithi ya mwingine.

“Marahaba, Sikitu,” alisema kwa upole. “Mbona umelowa hivyo, mwanangu?”

Sikitu ndiye msichana ambaye Fortunata alimzamisha baharini katika ukurasa wa mwisho. Nje jua la saa saba lilikuwa linawaka. Fortunata alifungua kinywa ajitaje, na kabla jina halijamjia, mikono yake ilikwisha kuanza kukamua upindo wa gauni.