Sekunde Saba za Raundi ya Sita

Watu wakisikia nimekaa kando ya ulingo miaka ishirini na minane, wanadhani mimi ni mtu wa shari. Wapi! Mimi ni mwoga tangu kuzaliwa. Mke wangu hunitania kwamba panya akikatiza chumbani, wa kwanza kupanda kitandani ni mimi, na simbishii kwa sababu ni kweli. Kazi yangu ni fundi saa. Kengele ya ndondi nilipewa kwa sababu moja tu: mtaa mzima, saa yangu ndiyo iliyokuwa ikienda sawasawa.

Kazi yenyewe ni ndogo. Unakaa mezani chini ya ulingo, kengele mbele yako, saa ya kupimia mkononi. Raundi ni dakika tatu. Zikibaki sekunde kumi unagonga ubao wa ulingo kwa kinyundo, ko ko ko, ili mabondia wajue. Kumi zikiisha unapiga kengele. Basi.

Mwezi uliopita katibu wa ukumbi akanijia kibandani. "Mzee, tunapaka ukumbi rangi. Ukutani tunataka mapambano kumi makubwa ya historia yetu, yamepangwa toka la kwanza mpaka la kumi, kila moja na sababu yake. Wewe ndiye uliyeyaona yote. Tupangie."

Nilitamani kukataa.

Maana la kwanza kila mtu analijua. Kwa kinyozi jirani yangu watu hubishana mpaka mapovu yawatoke, lakini wanabishana kuanzia la pili kwenda chini. La kwanza ni Nyundo na Mashoto, Jumapili alasiri, miaka ishirini na sita iliyopita. Lilikuwa pambano letu la kwanza kutangazwa redioni. Nyundo hakuwa amewahi kupigwa na mtu. Raundi ya sita akaanguka, akatolewa kwa machela, na jicho lake la kushoto likazima moja kwa moja. Baada ya siku ile ndipo daktari akawekewa kiti chake kando ya ulingo. Hakuna pambano jingine lililobadilisha mambo namna hiyo.

Na hakuna aliyejua, ila mimi na Mungu wangu, kwamba raundi ile ilizidi.

Ngoja niseme tu. Niligonga ubao mara tatu kama kawaida. Papo hapo Nyundo akamtandika mwenzake konde la mbavu, ukumbi ukalipuka, nami nikasimama. Mimi huyu! Nikapiga kelele na watu, kinyundo juu, nikasahau kabisa kwamba anayesubiriwa ni mimi. Nilipoitupia macho saa, sekunde saba zilikuwa zimezidi juu ya zile kumi. Nikapiga kengele, lakini Nyundo alikuwa tayari chini. Refa hakuuliza, wala mtu yeyote. Nikafyata ulimi. Woga ule nikaenda nao nyumbani, nikala nao, nikalala nao, hata mke wangu sikumwambia.

Sasa hiyo orodha ningeifanyaje? Nikaliweka la tisa. Nilijidanganya kwamba likikaa kule chini halitaulizwa. La kwanza nikaweka pambano lililoahirishwa mara mbili kwa sababu paa la ukumbi lilikuwa linavuja. Katibu akasoma, akanitazama. "Mzee, una hakika?" Nikamwambia nina hakika. Naye, bila kuniuliza, akaenda kuibandika karatasi kwenye mlango wa ukumbi ili watu watoe maoni kabla haijaandikwa ukutani. Nilipopata habari, nilikuwa nimeshachelewa.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, nimeinamia saa ya mteja, kibanda kikaingia giza. Nikainua kichwa. Nyundo amejaa mlangoni.

Siku hizi ni fundi makochi, lakini mabega ni yale yale. Miaka yote hiyo nikimwona upande huu wa barabara, mimi nahamia ule. Humu ndani hapakuwa na upande wa pili. Bisibisi ikaniponyoka, kijasho chembamba kikanitoka. Nikawaza, mikono ile ikinigusa mara moja tu, mke wangu atanizoa kwa ufagio.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

Akavuta stuli, akakaa, akaitandaza ile karatasi juu ya meza yangu. Alikuwa ameibandua mlangoni. "Sina ugomvi," akasema. "Nataka kujua kitu kimoja. Kwa nini la tisa? Paa linalovuja linanishinda mimi?"

Uongo nilikuwa nao tayari. Lakini alikuwa amegeuza kichwa ili anione vizuri kwa jicho lililobaki, na uongo wenyewe ukanikimbia. Nikapiga moyo konde.

"Kengele ilichelewa," nikasema. "Niligonga ubao, kisha nikasimama kushangilia, nikasahau. Sekunde saba. Mimi ndiye niliyekuangusha, ndugu yangu."

Nikafumba macho, nikasubiri ngumi.

Haikuja. Nilipofumbua, alikuwa anaitazama mikono yake.

"Nilisikia ko ko ko," akasema polepole. "Nikahesabu kumi kichwani, kama mwalimu wangu wa ndondi alivyonifundisha. Nikashusha mikono. Ndipo akanipata." Akakunja ngumi, akaikunjua. "Mwalimu alisema nimehesabu kijinga. Alinifukuza ningali na bandeji usoni, na mpaka anakufa hakunisemesha. Na mimi nikaamini. Kitambaa cha kochi nakipima mara tatu, kaka. Hata misumari sijiamini kuihesabu."

Miaka yote niliogopa hasira zake. Kumbe kulikuwa na kitu cha kuogopesha zaidi, kumwona mtu mzima anafuta machozi kwenye jicho lisiloona. Nilitamani angenipiga.

"Saa ile bado unayo?" akauliza.

Nilikuwa nayo, droo ya chini kabisa.

"Nipimie saba."

Nikabonyeza. Tukakaa. Nje mtu alikohoa, akapita. Kinyozi akawasha mashine yake. Mshale ulikuwa bado unakwenda. Nikabonyeza tena.

"Ni nyingi," akasema.

"Ni nyingi," nikasema.

Akanisogezea karatasi. "Haya, panga upya. Na sababu uandike."

Nikafuta la tisa. Juu kabisa nikaandika: Nyundo na Mashoto, raundi ya sita. Nyundo alihesabu sawasawa. Kengele ndiyo iliyochelewa, na mwenye kengele ni mimi.

Akaisoma mara moja tu, hakurudia. Akaniambia nifunge kibanda twende wote kwa katibu. Nilitetemeka njia nzima, na tulipofika pa kuvuka barabara akanishika mkono.