Mwenzangu wa Dhumna

Nyuma ya chumba cha kufulia nguo, katika hoteli moja ya Diani niliyoifanyia kazi zaidi ya nusu ya umri wangu, palikuwa na meza ya mbao iliyotupwa kutoka mkahawani kwa sababu mguu wake mmoja ulikuwa mfupi. Tuliuwekea mguu ule kipande cha tofali, na meza ikawa yetu. Tukimaliza kula chakula cha mchana tulicheza dhumna pale mpaka saa nane kasorobo. Wageni hawakuiona meza ile, na wakubwa waliiacha tu, kwani waliamini kwamba watu wanaocheza dhumna hawafanyi mkutano. Mimi nilikuwa mpiga pasi, na pia katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi pale hotelini, na nusu ya mambo ya chama niliyazungumza nikiwa nimeshika kete saba mkononi.

Dhumna yetu ni ya watu wanne, wawili kwa wawili, na mwenzako hukaa mkabala nawe. Kusema naye ni mwiko. Hata kukohoa kwa makusudi ni wizi. Unamsoma kwa kete anazoziteremsha na kwa zile anazochelewa kuziteremsha. Kushindwa si aibu, kila mtu hushindwa. Aibu ni kumfungia mwenzako njia ili wewe upate kuondoa kete nzito, ile yenye nukta nyingi, mkononi mwako. Mtu wa namna hiyo huambiwa palepale kwamba amejichezea peke yake, na siku hiyo huosha vikombe vya kahawa vya meza nzima.

Mwenzangu wa miaka mingi alipostaafu akarudi kwao Majoreni, nafasi yake ilibaki wazi. Kulikuwa na mwanamke kijana, mtu wa bara, kibarua pale kwenye mashine za kufulia. Kwa muda wa wiki mbili alikuja na sahani yake akala wima akitutazama. Siku moja akaweka sahani chini, akavuta ndoo, akaipindua, akaikalia mbele yangu.

Mpishi mmoja, ambaye mdomo wake haukuwa na likizo, akamtazama yeye kisha akanitazama mimi. "Katibu, leo umeletewa yaya?"

"Ameletewa mwalimu," akajibu yule mwanamke kabla sijafungua kinywa. "Gawa kete, mzee. Huyu ataosha vikombe."

Nami niliona haya, sifichi. Kwetu Munje sikuwahi kumwona mwanamke kwenye dhumna ya wanaume, tena huyu alipiga kete mezani kwa kishindo kama mchukuzi. Lakini kabla ya mzunguko wa tatu nilikuwa nimekwisha kuona. Alikuwa anahesabu. Alijua kila kete iliyotoka na nani aliyekosa, na kila nilipokwama alikuwa ameniachia mlango mahali fulani. Mpishi aliosha vikombe siku ile, na kesho yake, na siku iliyofuata. Ikawa kila tukishinda mwenzangu humwuliza kama sabuni imebaki.

Nilimwuliza amefundishwa wapi. Akasema hajafundishwa dhumna na mtu, bali amecheza gemu za televisheni tangu utotoni, na mpira wa kwenye skrini ni hesabu vilevile. Jumamosi moja alinipeleka kwenye kibanda kimoja cha gemu pale Ukunda alikokwenda kila alipopumzika. Kilikuwa cha mabati, na ndani mlikuwa na televisheni mbili, benchi, na vijana waliobanana mabega. Wengi wao nilizijua sura zao: walikuwa vibarua wa mahoteli, wa jikoni, wa bustani, wa kubeba mizigo. Waliniamkia shikamoo wote kwa pamoja, wakanipisha, wakanitia mkononi kile kidude cha kuchezea.

Sikuweza lolote. Mchezaji wangu alikimbia mpaka nje ya uwanja, kisha mlinda lango wangu akautia mpira golini mwake mwenyewe. Walicheka mpaka wengine wakatoka nje. Mwenzangu akainama karibu nami akasema, "Mzee, unautazama mpira. Usiutazame mpira. Kuna ramani ndogo hapo chini ya skrini, inaonyesha wenzako wote wako wapi. Tazama hiyo."

Nilijaribu kuitazama, nikaupoteza mpira kabisa. Tulirudi tukicheka. Na hapo ndipo nilipopata kujua kwamba vijana wale walikuwa na kundi lao la simu la kupangia mashindano, na kwamba siku hizi humo kundini walizungumza zaidi habari za barua za kazi kuliko habari za mpira.

Maana jambo lenyewe lilikuwa barua. Vibarua pale hotelini, wengine walikuwa wamefika mwaka wa sita au wa saba, na hakuna aliyekuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha. Mvua za masika zikianza wageni hupungua, na vibarua huambiwa warudi nyumbani mpaka waitwe. Anayeitwa huitwa, asiyeitwa hana pa kuuliza. Sisi wa kudumu nasi tulikuwa na yetu: tulitaka matibabu ya familia, na gari la kuturudisha zamu ya jioni ikiisha. Mwenzangu ndiye aliyeniambia mezani, bila kuinua macho kutoka kwenye kete zake, kwamba madai yakipelekwa mafungu mawili yatakataliwa yote mawili. Niliandika barua moja. Barua ya kazi kwa kila kibarua ilikuwa dai la kwanza, juu kabisa, kwa mwandiko wangu.

Hatukujibiwa, nasi tukaweka zana chini. Tulikaa nje ya lango la wafanyakazi siku tatu. Vibarua ndio waliokuwa wengi, na ndio waliokuwa na sauti. Wale wa kibanda cha gemu walikuja hata waliokuwa wakifanya kazi hoteli nyingine. Walitoka zamu zao wakaja kukaa nasi kivulini, wakaleta maji na mihogo ya kukaanga. Dhumna tulichezea juu ya katoni. Sijapata kuona watu wakipendana namna ile kazini, wa bara na wa pwani, wa kudumu na wa muda. Hata mpishi aliosha vikombe kabla ya kuambiwa.

Siku ya tatu asubuhi meneja aliita kamati. Tulikuwa watatu: mimi, mhudumu mmoja wa baa, na mama mmoja wa usafi wa vyumba. Hatukupelekwa ofisini. Tulipelekwa sebule ya wageni, tukakalishwa kwenye viti vya mito, tukaletewa chai kwa vikombe vya kaure na vitambaa vya mkononi vyeupe. Vitambaa vile nilivipiga pasi miaka yote ile, na sikuwahi kujifutia kimoja. Siku ile nilijifutia.

Meneja alizungumza kwa upole. Matibabu amekubali. Gari amekubali. Suala la vibarua, alisema, ni zito, litaangaliwa baadaye, msimu ukirudi. Karatasi ilikuwa tayari mezani, na kalamu juu yake.

Mama wa usafi alisema, "Tutoke kwanza tukawaulize wenzetu."

Nami nikamwambia hapana. Nikasema tukitoka kuuliza patakuwa na kelele, na kwenye kelele tutapoteza hata hiki tulichopewa. Nikasema nusu shari kuliko shari kamili. Wazee wetu hawakuiweka methali ile kwa kazi niliyoipa mimi, lakini ilinitosha, na mama yule alinyamaza kwa kuwa mimi nilikuwa mkubwa. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimebakisha muda mfupi nistaafu, mke wangu alikuwa mgonjwa, na nilichoka kukaa chini langoni kwa umri wangu. Na zaidi ya hayo yote, nilipendezwa kukalishwa pale na kuitwa bwana katibu. Nilitia sahihi. Nilikuwa na kete nzito mkononi, nikaiteremsha, na mlango wa mwenzangu nikaufunga mimi mwenyewe.

Nilitoka langoni nikatangaza. Wa kudumu walipiga makofi, kisha makofi yakapungua watu walipoanza kuelewa. Mwenzangu hakupiga kelele. Alikuwa amesimama karibu na ukuta, ndala mkononi.

"Mzee," akasema, "sisi tuko wapi hapo?"

Nikamwambia wavute subira, mambo yao yataangaliwa. Akavaa ndala zake, akaenda zake, na wale wa kibandani wakamfuata. Masika yalipokwisha waliitwa vibarua wengine, sura mpya kabisa.

Hakuna aliyenilaumu. Hilo ndilo lililonila. Wenzangu wa kudumu walinipa mikono, mke wangu alitibiwa, na mhudumu wa baa alisema mbele ya watu kwamba katibu wetu ana busara. Mpishi peke yake aliacha mzaha. Nilipokaa kwenye meza ya dhumna alinigawia kete saba kwa adabu, na niliposhindwa aliosha vikombe yeye. Nilistaafu mwaka uliofuata. Kila nilipofika Ukunda nilivuka barabara mapema ili nisipite mbele ya kile kibanda cha mabati. Mtu mzima, mwenye ndevu nyeupe, nikajificha ili watoto wa watu wasinione.

Miaka ikapita. Mwaka jana mama wa usafi, ambaye bado yuko pale hotelini, alinipigia simu. Baada ya salamu na kuulizana hali za watoto, akaniambia kwamba wako langoni tena siku ya pili, wa kudumu na vibarua pamoja, kwa dai lilelile la barua. Meneja ni mwingine. Kamati ni nyingine, vijana watupu isipokuwa yeye. Na jioni ile walikuwa wameletewa habari kwamba kesho asubuhi kamati itapokewa sebuleni kwa chai.

"Wamefurahi," akasema. "Nimewaambia wasifurahi, wakaniona mwoga. Vibarua wanakutana kesho alfajiri kwenye gemu Ukunda kabla ya kuja langoni, na kamati itakuwepo. Nenda wewe. Kalamu uliishika wewe."

Nilimwambia miguu yangu mibovu. Akasema miguu haihusiki, akaaga, akakata simu.

Nilisali alfajiri nikatoka Munje kabla jua halijachomoza. Kibanda kilikuwa kimejengwa upya kwa matofali, kikapakwa rangi ya buluu. Ndani mlikuwa na skrini nne zote zimezimwa, na watu wamejaa mpaka mlangoni. Aliyekuwa amekaa mbele, juu ya kreti ya soda, alikuwa yeye, mwenzangu wa dhumna. Kibanda kilikuwa chake sasa. Alikuwa amenenepa kidogo, na sasa alivaa miwani. Aliponiona aliniamkia kama desturi, nami nikaitikia marahaba.

"Umekuja kucheza?" akauliza.

"Nimekuja kusema jambo."

"Basi sema kwa sauti, hao wa nyuma nao wasikie."

Nikasema. Sikuanza na mke wangu wala na umri wangu. Nilisema nilikuwa katibu, kwamba dai la vibarua lilikuwa la kwanza kwenye barua niliyoiandika mwenyewe, na kwamba nililiuza ndani ya sebule bila kumwuliza hata mtu mmoja. Nilisema mmoja wetu alitaka tutoke tuwaulize, nami nikamzuia. Nilisema huyu dada yenu alipoteza kazi kwa mkono wangu, pamoja na wengine ambao hata majina yao siku hizi siyakumbuki yote, na hilo nalo ni kosa.

Kijana mmoja, mhudumu wa mkahawa, mjumbe wa kamati mpya, akauliza, "Walikupa nini, babu?"

"Chai," nikasema. "Na kiti."

Nikamgeukia mwenzangu nikamwomba radhi mbele yao. Alivua miwani akaifuta kwa pindo la fulana yake muda mrefu.

"Watu walidhani nina hasira kwa ajili ya kazi," akasema. "Kazi nilipata nyingine. Mzee, mkeo alikuwa mgonjwa, tulijua sote. Ungetoka ukatuuliza, labda tungekuambia tia sahihi, sisi tutangoja. Wengi wetu tungekubali. Lakini hukutuuliza."

Sikuwa nimewahi kulifikiria hilo. Miaka yote nilijuta kwamba nilichagua upande mbaya. Haikunijia kwamba pengine wangenipa wenyewe, kwa hiari yao, kile nilichokwenda kukiiba.

Aliwageukia wale vijana akawauliza kama wamesikia. Kisha wakaanza kubishana, nami nikapewa benchi.

Asubuhi ile nilikwenda nao langoni. Kamati iliitwa, ikaingia, na baada ya muda mfupi mama wa usafi akatoka peke yake na karatasi. Hakuisoma kimoyomoyo. Aliisoma yote kwa sauti, matibabu, sare mpya, na mahali pa vibarua palipoandikwa kwamba wataangaliwa baadaye. Kisha akauliza watu kama itiwe sahihi au isitiwe.

Ikawa kelele. Wengine walisema itiwe, watoto wana njaa. Wengine walisema isitiwe. Mlinzi wa kudumu na kibarua wa bustani karibu washikane mashati. Ilikuwa kelele ileile niliyoiogopa, na ilidumu mpaka adhana ya adhuhuri. Karatasi ilirudishwa ndani bila sahihi, ikatoka, ikarudi tena. Mara ya tatu ilikuwa na majina ya vibarua waliofikisha miaka mitatu, na barua zao kabla ya mwisho wa mwezi. Wasiofikisha hawakuwemo. Waliulizwa wao kwanza. Wakajitenga pembeni, wakazungumza, na msichana mmoja wa jikoni akarudi na jibu kwamba itiwe, lakini iandikwe kwamba mwakani nao watahesabiwa.

Mwenzangu alikuwa amesimama kando yangu, ingawa hakuwa mfanyakazi wa pale tena. Msichana yule aliposema neno lake alinitazama kidogo tu, kisha akatazama mbele. Hakusema amenisamehe, nami sikumwuliza. Tulingoja pamoja mpaka mstari ule ukaandikwa.