Kichwa kwa Ellinor, miguu kwa Aksel: keki ya Solvej yasubiri wageni

Saa tatu kasoro robo asubuhi, Vibeke Thorup amepiga magoti mbele ya kiti cha Bibi Ellinor Krabbe, akimvika soksi ndefu za kubana miguu. Soksi hizi ni ngumu kama mpira wa baiskeli. Kila anapovuta, simu iliyo mfukoni inamgusa paja, naye anasita na kusikiliza.

Simu haijalia.

"Hawajajibu?" anauliza Ellinor, mwenye miaka themanini na sita.

"Hawajajibu, bibi."

"Basi vuta soksi. Mguu wangu haujakukosea kitu."

Vibeke, mwenye miaka thelathini na tisa, ni msaidizi wa wazee majumbani hapa Lemvig, mji mdogo wa Denmark. Huenda nyumba hadi nyumba kwa gari dogo jeupe, akiwavika, akiwaogesha, akiwapa dawa. Leo ni Jumanne. Jumamosi binti yake, Solvej, anatimiza miaka tisa, na mama huyu hajui kama kuna mtoto hata mmoja atakayekuja.

"Nimewashika mkono wazee wakikata roho, sikutetemeka," anasema. "Wiki hii natetemeka kwa sababu ya keki."

Yeye na Solvej walihamia hapa Januari, baada ya ndoa kuvunjika. Wanaishi vyumba viwili juu ya duka la baiskeli. Majira yote ya baridi Solvej alikuwa akisimama peke yake uwanjani wakati wa mapumziko, mpaka mvulana mmoja wa darasani, Asger, alipomwita amwonyeshe panya aliyekufa. Tangu siku hiyo ni marafiki.

Darasa lao lina watoto ishirini na mmoja, na wazazi wana utaratibu wao, ule ulio katika karibu kila shule ya nchi hii. Kwa siku ya kuzaliwa unaalika wasichana wote, au wavulana wote, au darasa zima. Humchagui mmoja na kumwacha mwingine, mtoto yeyote asije akajiona hatakiwi.

Vyumba viwili haviwezi kubeba darasa zima, na kukodi ukumbi kungemla mshahara wake mpaka mfupa. Kwa hiyo Vibeke alialika wasichana kumi. Lakini Solvej alimwomba Asger naye aje.

"Ningemnyimaje?" anasema Vibeke. "Nikampa Solvej kadi nikamwambia ampe Asger kimyakimya. Mimi mtu mzima nilidhani mtoto anaweza kuficha mwaliko."

Asger aliionyesha kadi yake darasa zima kabla ya kengele ya kwanza.

Jioni ile Pernille, mama wa mvulana aitwaye Malthe, aliandika katika kundi la wazazi la simu: "Utaratibu tuliuweka sote." Hakuongeza neno, na hakuna mwingine aliyeandika. Huku kwetu watu wakikasirika hawapigi kelele, wananyamaza. Wasichana watatu walikuwa wamekubali kuja. Mmoja akaghairi. Wengine saba, kimya.

Kilichomuuma Vibeke hakikutoka kwenye simu, kilitoka kwa binti yake wakati wa chakula.

"Mama, Malthe alilia pale kwenye ndoano za makoti. Aliniuliza kama ananuka."

Vibeke hakumaliza viazi vyake. "Nilitaka mtoto wangu asiwe peke yake," anasema, "nikamfanya wa mwenzangu awe peke yake."

Ellinor anamsikiliza mpaka soksi ya pili inapopanda gotini.

"Waalike wote," anasema.

"Nitawaweka wapi, bibi? Juu ya friji?"

"Aksel ana bustani imekaa bure. Na yeye mwenyewe amekaa bure."

Aksel Bundgaard, fundi bomba mstaafu wa miaka themanini na moja, anaishi jirani na Ellinor, naye yumo katika mzunguko wa nyumba anazohudumia Vibeke. Bustani yake ina mlingoti wa bendera ambao haujapandishwa kitu tangu mkewe afariki. Vibeke alipomgusia jambo hilo akimwekea matone ya macho, mzee aligeuka akatazama bustani yake.

"Watoto ishirini na mmoja," akasema. "Nyasi zitakufa."

"Naelewa, Aksel. Basi tuache."

"Nani amesema tuache? Nimechoka kuzikata."

Lilibaki la kazini. Msaidizi haruhusiwi kupokea zawadi kwa mzee anayemhudumia, hata pakiti ya kahawa. Vibeke alimpigia simu msimamizi wake, Lisbeth. Lisbeth alishusha pumzi ndefu.

"Zawadi hupokei, na saa za kazi hazihusiki," alisema. "Lakini Aksel akitaka watoto bustanini kwake siku yako ya mapumziko, mimi si polisi wa nyasi."

Jioni ya Jumanne hiyohiyo Vibeke aliandika katika kundi la wazazi. Alifuta mara nyingi, akabakiza haya: "Nilivunja utaratibu wetu. Nilialika mvulana mmoja nikawaacha tisa. Kosa si la Solvej wala la Asger, ni langu. Nawaalika wote Jumamosi saa nane mchana, bustanini kwa Aksel Bundgaard. Mje na mabuti."

Kisha akaiweka simu kabatini, kati ya taulo, ili asiitazame.

"Mimi si mtu wa kanisani sana," anasema. "Lakini wiki hii nimesali kwenye kila taa nyekundu. Na Lemvig taa zenyewe ni chache, ikabidi nisali na kwenye vivuko vya watembea kwa miguu."

Majibu yalianza kudondoka kama matone ya paa bovu. Wa kwanza alikuwa baba yake Asger: "Tunakuja." Akafuata msichana, kisha wavulana wawili. Kufikia Ijumaa adhuhuri kumi na wawili walikuwa wamekubali. Pernille hakuandika kitu.

Na hapo likaja la keki. Siku ya kuzaliwa hapa haiwi siku bila mtu wa keki, mkate mtamu wenye umbo la binadamu, nywele za pipi nyeusi na nguo za sukari. Mwenye siku humkata shingo kwa kisu, na wenzake wote hupiga yowe kana kwamba ndio wanaochinjwa. Yowe hilo ndilo sherehe yenyewe.

"Naogopa kitu kimoja," anasema Vibeke. "Solvej akate ile shingo, na pawe kimya."

Mtu wa keki wa kutosha darasa zima haingii katika oveni ya Vibeke. Kwa hiyo Ijumaa, baada ya kazi, kiwiliwili kiliokwa kwake, juu ya duka la baiskeli. Miguu na mikono alipewa Aksel. Kichwa Ellinor alikidai mwenyewe.

"Kichwa ni changu," alisema. "Wewe kwa wasiwasi huo utakiunguza."

Wakati kiwiliwili kikipoa, Vibeke alikwenda kwa miguu hadi mlangoni kwa Pernille. Alimkuta Pernille amefunga aproni, mkononi ana kisu cha kumenyea.

"Nimekuja kuomba radhi uso kwa uso," alisema Vibeke. "Na kwa Malthe pia, kama atataka kunisikia."

"Ujumbe niliusoma."

"Najua."

Pernille alimtazama. "Malthe ataamua mwenyewe," alisema. "Sitamlazimisha mtoto." Akafunga mlango taratibu, bila kuubamiza. Vibeke aliinama, akalisemea tundu la barua lililo mlangoni kwa sauti ndogo: "Malthe, hunuki. Mimi ndiye niliyekosea."

Kisha akarudi kwenye keki.

Sasa ni Ijumaa hiyohiyo, saa kumi na mbili jioni, na jua la Mei bado liko juu. Jikoni kwa Aksel mtu wa keki amelala mzima mezani, ameungwa kwa sukari. Mguu mmoja umemzidi mwenzake.

"Huyo amezaliwa Thyborøn, kule kwa wavuvi," anasema Ellinor, aliyekuja na kigari chake cha kutembelea. "Wote wanatembea hivyo."

Solvej anacheka, kisha anaacha. "Na wasipopiga yowe?"

"Nitapiga mimi."

"Bibi, wewe huna pumzi."

"Ya kukupigia wewe ninayo."

Nje, Aksel anaijaribu kamba ya mlingoti. Gurudumu la juu limeshika kutu, nalo linapiga yowe kali linalowafanya shakwe waruke. Anauliza kupitia dirishani kama alitie mafuta.

"Liache hivyo," anasema Solvej.

Kesho saa mbili asubuhi bendera itapanda, kama ilivyo desturi hapa siku ya kuzaliwa, na mtaa mzima utajua kuna mtoto anayesherehekea. Vibeke anafuta sukari vidoleni. Simu iko mezani, kioo juu, haina ujumbe mpya.

"Sikuomba waje wote," anasema. "Nimeomba Malthe aje. Asimame mbele kabisa, karibu na kisu, apige yowe kuwashinda wote."

Anachukua bakuli la pipi na kuanza kumpangia mtu wa keki vifungo. Shingoni anaongeza sukari kidogo, isije ikakatika kabla ya wakati.