Boksi Lililonyooka Mno

Mpaka leo nikipita uwanja wa Flagey, huku ughaibuni, nasonya. Miaka ya tisini palikuwa na duka lililouza kwa posta vikapu vya kiwandani, nami niliajiriwa kupamba maboksi ya kaki kwa vipande vya kitenge, ili wateja waamini vikapu vimesukwa kwa mkono. Boksi la kwanza nililipamba vizuri, kingo zikalingana, maua yakakutana kila pembe. Mwenye duka akakibandua kitambaa. "Limenyooka mno. Lipinde kidogo, lionekane la mkono."

Mkono wa nani? Mama yangu, kule Bujumbura, alikuwa akinifumulia kikapu kizima kwa mstari mmoja uliokwenda upande! Nikashika mkasi kwa mkono wa kushoto, nikakatakata ovyo kwa hasira. Mwenye duka akapiga makofi. Sasa, alisema, hii ndiyo Afrika yenyewe.