Hodi ya Wimbo wa Mwisho

Siku ile sebuleni kwetu Nyakasimbi tulikuwepo hawa: mdogo wangu na gitaa lake la umeme, mwalimu wa kujitolea aliyepiga besi, dereva wa bodaboda aliyepiga dramu, fundi wa kurekodi kutoka Omurushaka na kompyuta yake, na kuku mmoja aliyekuwa akiatamia nyuma ya kochi, ambaye tulikubaliana asisumbuliwe. Mimi, dada mkubwa, nilikaa kizingitini. Bibi jirani simhesabu hapo kwa sababu alikuwa hajafika, ingawa leo anadai alikuwepo kuliko sisi sote.

Majina siyaandiki. Yapo nyuma ya jalada la albamu, na huko yameshaleta maneno ya kutosha.

Muziki wao ni bluzi iliyochanganywa na roki. Nilimuuliza mdogo wangu bluzi ni nini, akasema ni muziki wa mtu anayelalamika huku anaendelea kulima. Nikamwambia kama ni hivyo, mimi nimeupiga tangu nilipoacha shule. Nilikuwa kidato cha pili wazazi wetu walipofariki, na yeye alikuwa bado anaogopa bata. Nilibaki na shamba la migomba na kahawa, na yeye, na bata.

Nyimbo nyingine zote zilikuwa zimekwisha kurekodiwa. Ulibaki mmoja tu, wimbo wa mama. Mdogo wangu alikuwa ameapa kwamba bila huo albamu haitoki. Tatizo ni kwamba amplifaya ya gitaa ilikuwa ya kwaya ya usharika, na kwaya ilikuwa inaihitaji kwa mazoezi ya jioni. Kesho yake mwalimu alikuwa anahamia Kyerwa, amepata ajira. Kwa hiyo ilikuwa siku hiyo au basi.

Chumba cha fundi kule Omurushaka kiko karibu na stendi ya mabasi, na kila walichorekodi huko kiliingia honi. Ndiyo maana tulirekodi nyumbani. Tulitundika magunia ya kahawa ukutani, tukaziba madirisha kwa magodoro, tukatandaza nyasi kavu chini kama tunavyofanya tukitegemea wageni. Dereva wa bodaboda alisema ni kama kupiga dramu ndani ya kiatu.

"Dada," mdogo wangu aliniambia, "mtu yeyote asipige hodi."

"Nitawazuiaje? Hii ni nyumba, si benki."

"Wape ishara tu wapite."

Basi nikatoa ishara. Alipita mama mwenye mkungu kichwani, nikaweka kidole mdomoni. Akasimama, akatazama magodoro madirishani, akatazama uso wangu, akatikisa kichwa kwa huruma na kwenda zake akinyata. Walipita wawili wenye jembe, nao vivyo hivyo. Mmoja alininong'oneza, "Ni malaria?" Sikuweza kujibu, wimbo ulikuwa unaendelea ndani. Nikainua mkono tu. Akavua kofia.

Kwetu nyumba ikinyamaza mchana, madirisha yakazibwa, na mwenye nyumba akakaa mlangoni akiwakataza watu kusalimia, haihitaji maelezo. Ndani kuna mgonjwa, tena mgonjwa mahututi. Mimi nilijua hilo tangu utotoni. Lakini siku ile nilikuwa upande wa pili wa mlango, sikujiona.

Habari zilimfikia bibi. Akapika ndizi na maharage, akafunika sufuria kwa jani la mgomba, akaja. Hakuja kwa njia. Alikatiza migombani kama anavyofanya siku zote, akatokea mlango wa jikoni ambao hakuna aliyeulinda.

Ndani walikuwa wamefika mahali pazuri kuliko pote. Ni pale vyombo vyote vinanyamaza kidogo kabla mdogo wangu hajaimba ubeti wa mwisho, ambao unamuuliza mama kama atarudi. Katika ukimya ule ikasikika sauti ya jikoni:

"Hodi wenyewe. Mgonjwa anaendeleaje?"

Mdogo wangu nilimlea mwenyewe. Salamu za wakubwa huitikia hata akiwa usingizini. Bila kuacha tuni, akaimba, "Karibu bibi, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unalia?"

Dereva wa bodaboda, akidhani wamepanga, alipiga dramu zote kwa pamoja. Besi ikafuata, gitaa likafuata. Walimaliza wimbo kwa namna ambayo hawajawahi kuumaliza. Noti ya mwisho ilikuwa haijatulia umeme ukakatika.

Kompyuta ilikuwa na chaji, wimbo ukabaki. Amplifaya haikuwaka tena mpaka wanakwaya walipokuja kuichukua.

Mdogo wangu alikaa chini kwenye nyasi. "Nautupa. Wimbo wa mama hauwezi kuwa na mtu anaulizia mgonjwa."

"Mama angekuwa hapa," nilimwambia, "angekuuliza nini? Wimbo umeharibika, au bibi ameitikiwa?"

Kuku alitoka nyuma ya kochi, akatutazama, akarudi.

"Ameitikiwa," alisema.

Wimbo ukabaki kama ulivyo. Wakati tunabishana, bibi alikuwa amesimama jikoni na sufuria yake, hakuna aliyempa kiti wala kahawa ya kutafuna tunayompa kila mgeni. Alipoelewa kwamba mgonjwa hakuna, aliweka sufuria mezani, akaenda zake. Wanamuziki walikula chakula chote cha mgonjwa.

Jalada lilipotoka, mdogo wangu alinisomea nyuma. Gitaa na sauti, yeye. Besi, mwalimu. Dramu, dereva. Prodyuza, mimi.

"Prodyuza anafanya nini?"

"Anahakikisha kazi inakwisha na watu wamekula."

"Basi nilianza siku ile ulipougua surua."

Mstari wa mwisho ulimtaja bibi: hodi. Nilikwenda kumsomea, nikamwekea wimbo kwenye simu, nikamrudishia sufuria yake ikiwa imejaa sukari. Alisikiliza mpaka mwisho, akataka nirudie pale penye sauti yake. Kisha akanisukumia sufuria.

"Jina langu nimelisikia. Sukari rudi nayo. Mimi nilimletea mgonjwa chakula, nikakuta ngoma. Mtanirudishia ngoma."

"Tukuletee simu, bibi?"

"Simu haina miguu. Waje wote, wapite migombani, wapige hodi jikoni. Na mimi nitaangalia kama nina nafasi ya kuitikia."

Mwalimu yuko Kyerwa. Dereva anasema atakuja siku abiria watakapoisha barabarani. Sufuria ya bibi iko juu ya kabati langu, nimeisugua inang'aa, na kila tukikutana kisimani ananiuliza kama mgonjwa wetu amepona.