Kanga Utosini mwa Nyangumi

Mwaka juzi nilivuka kwenda kisiwa cha Makoongwe kumwangalia mama. Asubuhi tukasikia makelele pwani, tukatoka. Maji yalikuwa yamekupwa na ndama wa nyangumi amekwama kwenye mchanga. Ndama, lakini urefu wake ulipita ngalawa ya jirani yetu. Nje ya mwamba, kwenye kina, mama yake alikuwa akiibuka na kuzama palepale, haondoki.

Mimi nasomesha bayolojia skuli moja huko Wete. Miaka yote nimemchora nyangumi ubaoni: mapafu, moyo, tundu mbili za pua juu ya utosi. Wa kweli sikuwahi kumwona.

Watu walimmwagia maji kwa ndoo, na walifanya vyema, maana ngozi yake haistahimili jua. Mama akamwonea huruma. Akavua kanga aliyojitanda, akairovya baharini, akamfunika nayo utosini taratibu, kama anavyofunikwa mtoto mwenye homa.

"Mama, toa!"

Kwa zile kelele, hakunisikia. Alikuwa bado anainyoosha pembeni.

"Toa, unamuua! Hujui kitu, unaingilia tu!"

Nikamsukuma begani, nikaivuta kanga, nikaitupa. Tundu zikafunguka, pumzi ikatoka kwa kishindo na mvuke wenye uvundo ukaturukia sote. Watu wakacheka. Nami, kwa sauti ileile ya darasani, nikawaeleza kuwa huyu si samaki, hana mashavu ya kupumulia, hapo ndipo puani pake.

Nilipogeuka nikamwona mama. Kasimama kichwa wazi, mvi zake nje, mbele ya wanaume wa kijiji chake na wakwe zake, mikono miwili kaiweka kichwani kujisitiri. Bibi mmoja akamvuta karibu, akamgawia upande wa kanga yake.

Maji yalipojaa wanaume walimsukuma ndama mpaka akaelea. Akaenda moja kwa moja kwa mama yake, na tukaona pumzi mbili zikipanda pamoja. Watu walipiga takbiri. Mama yangu hakuwepo, alikwisharudi nyumbani.

Nilimkuta jikoni anapeta mchele.

"Nisamehe, mama."

"Ungenambia tu kuwa pale ndipo puani pake. Ningetoa mwenyewe."

Akapeta kidogo, kisha akauliza, "Yule mtoto hunyonya?"

"Hunyonya, mama. Maziwa yao mazito sana. Mama yake humrushia kinywani."

"Ndiyo maana hakuondoka," akasema. Uso hakuuinua.

Mwaka jana tulikuwa kwenye shughuli ya harusi, tumekaa na wanawake tunamenya vitunguu. Mama akaanza kuwasimulia. "Binti yangu huyu ndiye aliyemwokoa yule nyangumi. Wote tulikuwa hatujui."

Mmoja akauliza, "Na wewe, Bi mkubwa, nasikia ulibaki kichwa wazi. Ilikuwaje?"

"Upepo," mama akasema. "Siku ile pwani palikuwa na upepo."

Hapakuwa na upepo. Wawili kati ya wale wanawake walikuwepo pwani siku ile, nao waliendelea kumenya. Nilifungua mdomo niseme kweli, mama akanitazama mara moja tu, nikaufunga. Kuisema pale kungekuwa kumvua mara ya pili. Nikashika kitunguu kingine, nikainamisha kichwa. Hakuna aliyeniuliza machozi yale ni ya nini.