Kisu Ambacho Mama Brayo Hakukiona

Wasee, leo jirani amenipandisha blauzi mbele ya ploti nzima akitafuta kidonda.

Iko hivi. Nilimwambia Akinyi, rafiki yangu tangu darasa la tatu, kwamba kuna chekechea hapa Kisumu Ndogo inatafuta mwalimu. Ilikuwa siri yetu. Leo asubuhi nimepeleka karatasi zangu, nikaambiwa nafasi imeshachukuliwa.

Na nani? Akinyi!

Nikampigia dadangu nikilia: "Akinyi amenidunga kisu mgongoni!"

Na mnajua kuta za mabati hazifichi kitu. Mama Brayo wa mlango wa pili akaingia mbio, akanipandisha blauzi. "Wapi? Damu iko wapi?" Nyuma yake watu kama kumi, mmoja ameshaita bodaboda.

Nikawaambia ni msemo tu.

Mama Brayo akanuna. "Mwalimu mzima, unatutisha na misemo?"

Kabla watawanyike, Akinyi huyo, anahema, miguu mitupu. Kuna jirani alimpigia simu kwamba nimedungwa, akakimbia kutoka mtaa wa Soweto East.

"Nani amekudunga?"

Mimi huwa naogopa kugombana, lakini leo nilimwangalia machoni.

"Ni wewe."

Akaketi mlangoni, akalia. "Nilitaka kukuambia. Niliogopa hutaniongelesha tena."

Nilikuwa na hasira, bado niko nayo. Lakini aliposimama kwenda, nilimvulia patipati zangu, akazivaa akaenda.

Kumsamehe ndiyo sijui. Nyinyi mngefanyaje?